Meyer, Meier, Maier, Mayer: je, ni ukoo mmoja?

Swali: Mimi huongoza wageni katika Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Kila msimu hupokea Wajerumani, Waswisi na Waaustria wenye jina la Meyer, na wengine huliandika Meier, Maier, Mayer au Mayr. Tukifika kwenye pango la Hans Meyer, juu ya kituo cha Kibo, wenzao huwatania kwamba wamefika kwa babu yao, nao hukana. Ningependa kufahamu jina hili lilitoka wapi, kama wote hao ni ukoo mmoja, kwa nini tahajia zinatofautiana, na ni watu wangapi wanaolitumia leo. Mgeni mmoja aliniambia pia kuwa ni jina la Kiyahudi. Je, ni kweli?

Jibu: Wageni wako wanasema kweli wanapokana. Meyer si jina la ukoo kwa maana uliyoizoea Uchagani, ambako wenye jina moja hujihesabu kuwa uzao wa mhenga mmoja. Ni jina la cheo cha shambani, ambalo liliwashika watu wasiojuana katika maelfu ya vijiji na kwa nyakati mbalimbali, kisha likarithiwa na watoto wao hata pale ambapo cheo chenyewe kilikuwa kimekwisha kufa. Meyer wa Bremen na Mayr wa Tirol wanaweza kuwa hawana babu wa pamoja hata ukirudi nyuma miaka 800.

Mzizi wa jina ni neno la Kilatini maior, lenye maana ya mkubwa kuliko wengine. Katika Ulaya ya zama za kati, mfalme, kabaila, askofu au nyumba ya watawa ilimiliki ardhi iliyotawanyika mahali pengi, na mwenye mali hakuweza kuikalia yote. Katika kila eneo palikuwa na shamba kuu, lililoitwa Fronhof, na kulizunguka waliishi wakulima wadogo waliolazimika kumfanyia bwana kazi kwa siku kadhaa na kumpelekea sehemu ya mavuno yao. Aliyelisimamia shamba hilo kuu, akapokea nafaka, mayai, kuku na fedha, akagawa kazi na akasikiliza ugomvi wa wakulima, ndiye ambaye makarani walimwandika maior villae kwa Kilatini chao na wanakijiji wakamwita meier. Anayeijua historia ya mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba atamwelewa upesi akimfikiria yule msimamizi wa shamba ambaye nokoa alikuwa chini yake. Neno hilohilo la Kilatini, likipitia Kifaransa na Kiingereza, ndilo lililotufikishia sisi meya wa jiji.

Mfumo huo ulianza kuvunjika katika karne ya 12 na ya 13. Mabwana waliona ni nafuu kulikodisha shamba kwa malipo yanayojulikana kuliko kumtegemea msimamizi aliyezidi kujifanya mwenye mali, na hapo ndipo maana ya neno ilipogawanyika. Kaskazini, hasa Niedersachsen na Westfalen, Meier akawa mkulima mkubwa aliyekodi shamba zima chini ya kanuni zilizoitwa Meierrecht, naye kijijini alikuwa mtu wa heshima. Kusini, katika Bavaria na Swabia, jina lilibaki kwa yule aliyekaa kwenye shamba kuu la zamani, hata kama shamba hilo lilikuwa limekwisha kugawanywa vipande viwili au vinne. Kwa kuwa kila kijiji kilikuwa na Meier wake, na pengine zaidi ya mmoja, watu walilazimika kuwatofautisha. Aliyekaa upande wa juu aliitwa Obermeier na wa upande wa chini Niedermeier. Aliyekaa kando ya kijisitu aliitwa Lohmeyer, wa kwenye bonde lenye majimaji Brockmeyer, na aliyelima shamba jipya aliitwa Niemeyer. Huyo wa mwisho utamkumbuka kwa sababu ya Oscar Niemeyer, msanifu majengo wa Brazili aliyefariki mwaka 2012, ambaye sehemu ya asili yake ilikuwa ya Kijerumani.

Jambo moja linalowapotosha sana watafutaji wa nasaba ni desturi ya Westfalen na maeneo jirani ya jina kufuata shamba. Mwanamume aliyemwoa binti mrithi wa shamba la Meyer aliliacha jina alilozaliwa nalo, akaitwa Meyer, na watoto wake wakawa akina Meyer. Katika vitabu vya kanisa utakuta majina mawili yameunganishwa kwa neno genannt, yaani 'aitwaye', na anayelipuuza neno hilo atajikuta anaandika nasaba ya shamba akidhani anaandika nasaba ya watu. Kwa hiyo hata mahali ambapo jina halikukatika kwa karne tatu, damu ya upande wa baba inaweza kuwa imebadilika mara kadhaa.

Sasa tuje kwenye tahajia, ambayo kwangu ndiyo sehemu yenye manufaa zaidi ya swali lako. Katika Kijerumani sanifu majina yote matano hutamkwa sawasawa, karibu na 'Maia' ya Kiswahili. Ukimwita mgeni 'Meya' atakuelewa, lakini sivyo anavyoitwa kwao. Wajerumani wenyewe hawawezi kuyatofautisha kwa kusikia, na ndiyo maana mwenye jina hili akijitambulisha kwenye simu hulazimika kuongeza kwamba ni la e na y, au la a na i. Tofauti ilitokana na makarani na viongozi wa dini walioandika kwa mazoea ya sehemu zao. Waandishi wa kusini walizoea kutenganisha sauti mbili ambazo lahaja zao zilizitofautisha, wakaiandika ile ya zamani kwa ai na ile iliyozaliwa baadaye kwa ei. Jina letu lilikuwa na ile ya zamani, kwa hiyo kusini likawa Maier, Mayer, Mair au Mayr. Kaskazini na katikati mwa nchi iliandikwa ei bila kujali asili ya sauti. Herufi y ilikuwa pambo la mwandiko lililopendwa na makarani, hasa karibu na mwisho wa neno, na haikubadili sauti wala maana.

Kwa muda mrefu hakuna aliyeona kosa katika kubadilisha tahajia. Si ajabu kumkuta mtu mmoja ameandikwa Meyer alipobatizwa, Meier alipooa na Mayer alipozikwa, kila mara kwa mkono wa mchungaji au padri tofauti. Kilichoyagandisha majina ni serikali. Kuanzia tarehe 1 Januari 1876, ofisi za msajili wa serikali zilianza kufanya kazi katika dola yote ya Kijerumani, na namna jina lilivyoandikwa katika daftari la msajili ikawa ndiyo namna ya kisheria. Kanuni za tahajia zilizokubaliwa mwaka 1901 zilisahihisha maneno ya kawaida lakini hazikuyagusa majina ya watu, na hivyo tahajia za makarani wa zamani zimebaki hadi leo. Ndugu wawili wa tumbo moja waliosajiliwa katika ofisi mbili tofauti waliweza kuanzisha familia mbili zenye majina mawili mbele ya sheria.

Kwa sababu hiyo tahajia humweleza mtaalamu kuhusu mahali, na haimwelezi kuhusu damu. Meyer ni jina la kaskazini kwanza: Niedersachsen na Bremen ndiko kitovu chake, na katika wilaya kadhaa za huko hulipita hata Müller. Hata hivyo, lina makao mengine ya zamani Alsace, upande wa Ufaransa, na katika baadhi ya sehemu za Uswisi. Meier imetawanyika zaidi, nayo nchini Uswisi ni jina la pili kwa wingi baada ya Müller. Maier ni ya Württemberg na Bavaria, na Mayer iko karibu nayo, ikipanda hadi maeneo ya mto Rhein. Mayr na Mair ni za kusini kabisa, katika Bavaria ya kusini, Austria na Tirol ya Kusini iliyo ndani ya Italia. Mgeni wako akiandika Mayr, unaweza kumuuliza habari za milima ya kwao bila wasiwasi mkubwa wa kukosea.

Kuhusu idadi, ni lazima kwanza nieleze zinavyopatikana, maana takwimu nyingi zinazozunguka mtandaoni hazisemi. Serikali ya Ujerumani haichapishi orodha rasmi ya wingi wa majina ya ukoo. Wataalamu wametegemea orodha za simu za mezani, wakihesabu kila laini kuwa kaya moja, kisha wakazidisha kwa wastani wa watu wa kaya. Kazi kubwa kuliko zote ya aina hiyo ni atlasi ya majina ya ukoo ya Ujerumani iliyoongozwa na Konrad Kunze wa Freiburg na Damaris Nübling wa Mainz, ambayo majuzuu yake yalianza kutoka mwaka 2009 na ambayo ilitumia orodha ya simu ya mwaka 2005. Umri wa orodha hiyo si udhaifu. Watu wameziacha simu za mezani kwa wingi tangu wakati huo, na orodha mpya ingekuwa na mapengo makubwa zaidi.

Kwa hesabu za namna hiyo, Müller ni jina la karibu mtu mmoja kati ya kila 100 nchini Ujerumani, na Schmidt hulifuata. Meyer, kwa tahajia hiyo pekee, ni karibu mtu mmoja kati ya kila 300, ambao ni zaidi ya watu 200,000, na hulifikisha kwenye nafasi ya tano au ya sita. Lakini orodha za namna hii huhesabu herufi. Meier, Maier na Mayer kila moja imo peke yake miongoni mwa majina 100 ya mwanzo, na ukizijumlisha zote na Meyer unapata kundi linalolikaribia Müller lenyewe. Mimi huona jumla hiyo ndiyo hesabu ya haki, kwa sababu chanzo ni cheo kimoja na sauti ni moja, ila mtu akikutajia nafasi ya jina hili ni vizuri umuulize kwanza amehesabu tahajia moja au zote. Wingi huu unatambuliwa hata na utawala: kanuni za Ujerumani kuhusu kubadili majina, ambazo kwa kawaida ni kali, zinakubali kwamba mwenye jina lililoenea mno kama hili anaweza kuwa na sababu ya kutosha ya kuomba jingine.

Nje ya nchi hizo jina lilisafiri na wahamiaji. Marekani lina watu zaidi ya 100,000, Afrika Kusini ni jina la kawaida kabisa miongoni mwa Makaburu, na Uholanzi wana Meijer yao. Myers ya Waingereza isichanganywe nalo kwa haraka, kwani lina asili zake za Kiingereza, ingawa baadhi ya familia za Kijerumani zilipofika Marekani zililichukua kwa kufanana kwake na jina lao.

Swali la Uyahudi lina jibu la ndiyo na hapana. Wayahudi wa Ulaya ya kati walikuwa na jina la kiume la Kiebrania, Meir, lenye maana ya atoaye nuru, ambalo kwa sauti liliangukia karibu kabisa na Meier ya Kijerumani. Mwanzilishi wa benki ya akina Rothschild aliitwa Mayer Amschel, na hapo Mayer ni jina lake mwenyewe, si la ukoo. Tawala zilipowalazimisha Wayahudi kuchukua majina ya kudumu ya ukoo, Austria mwaka 1787, Prussia mwaka 1812 na Bavaria mwaka 1813, wengi walilifanya jina la baba au babu kuwa la ukoo, wakawa akina Meyer na Mayer. Kwa hiyo zipo familia za Kiyahudi zenye jina hili kwa asili ya Kiebrania kabisa, lakini wengi wa akina Meyer wa Ujerumani wanatokana na wakulima Wakristo. Jina peke yake halikuambii dini ya mtu wala ya babu zake, na naomba usimruhusu mgeni yeyote akuaminishe vinginevyo.

Ama Hans Meyer mwenyewe, aliyefika kileleni Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, hakuwa mtoto wa shamba. Alizaliwa Hildburghausen mwaka 1858 katika familia ya wachapishaji, wale wenye kamusi elezo maarufu ya Meyer. Babu yake, Joseph Meyer, alianzisha kampuni hiyo mjini Gotha mwaka 1826, na baba wa Joseph alikuwa fundi viatu. Huo ni mfano mzuri wa jina lililoachana na kazi: fundi viatu, mchapishaji na mpanda mlima, wote wakibeba jina la msimamizi wa shamba.

Mgeni akikuomba ushauri wa kutafuta asili yake, mwambie aanze na jina la kijiji na dhehebu la babu wa mwisho anayemjua, kwa sababu vitabu vya ubatizo na ndoa vimepangwa kwa parokia, na bila hivyo atazama katika maelfu ya akina Meyer. Vitabu vingi vya Kiprotestanti vinapatikana mtandaoni kwa malipo katika hifadhi ya Archion, na vya Kikatoliki, hasa vya Austria na kusini mwa Ujerumani, viko bure katika Matricula. Atafute tahajia zote kwa kila kumbukumbu iliyotangulia mwaka 1876. Wewe kwa upande wako, unapojaza fomu za hifadhi na vyeti vya kileleni, nakili herufi za pasipoti moja moja, maana kwa sheria za kwao Meyer na Meier ni majina mawili tofauti.