Kopo la vifungo saa nane usiku

Nilikata mikono miwili ya kushoto. Wenzangu wa cherehani wanajua aibu iliyo ndani ya maneno hayo, wengine niwaeleze. Kilikuwa kitambaa cha satini, gauni la mama wa bibi harusi, harusi Jumamosi, na siku yenyewe ni Jumatano. Kingekuwa kitenge cha waksi ningegeuza mkono mmoja, wa ndani ukawa nje, na asingejua mtu, maana waksi nzuri imeshika rangi pande zote mbili. Satini ina uso mmoja tu unaong'aa. Nilibaki pale kwenye meza ya kukatia, mkasi mkononi, naangalia ile mikono miwili imeelekea upande mmoja kama mapacha, na kipande kilichobaki hakitoshi hata kola.

Si kwamba sijui kazi. Nina miaka kumi na sita nashona hapa Kadutu, mjini Bukavu, Kongo. Ni kwamba nilikuwa na karibu wiki tano silali. Naingia kitandani saa nne, mwili umechoka hadi vidole, na kichwa kikigusa mto tu, soko linafunguliwa. Nani bado hajalipa. Karo ya mtoto wa pili. Ile zipu niliyoahidi. Tena mimi ndiye ninayeshika feza ya likelemba yetu, yaani mchezo wa kuchangiana feza kwa zamu, wanawake kumi na wawili, dola kumi kila mmoja kila Jumamosi, na wawili walikuwa wameanza kuchelewesha. Saa nane usiku nilikuwa najua hesabu ile kuliko saa nane mchana.

Nilijaribu yale ambayo kila mtu hujaribu. Kwanza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, gilasi moja baada ya chakula. Inakulaza haraka, sikatai, kisha inakuamsha katikati ya usiku mdomo mkavu na moyo unadunda. Pombe ndivyo ilivyo, inakupa nusu ya kwanza ya usingizi na kukunyang'anya ya pili. Nikahamia kwenye vidonge, nilivyouziwa bila kuulizwa hata swali moja. Asubuhi nilikuwa nazunguka nyumbani kama mtu aliyevaa magodoro. Nikarudi kwenye rozari, na hapo niseme ukweli ingawa unanichekesha: nilipofika fumbo la tatu niligundua kwamba vidole vyangu vinahesabu wadeni, sio Salamu Maria. Sasa nasali mapema, nikiwa nimekaa, kabla ya kupanda kitandani, na sala imerudi kuwa sala.

Aliyenifungua macho ni yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi. Alikuja ile Jumatano jioni akanikuta nalia juu ya satini. Akasikiliza yote, akachukua vidonge vyangu akavitia mfukoni mwake, akasema: "Mdogo wangu, weye haulale. Unafunga hesabu ukiwa umejifunika bulangeti." Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Mchana unawaza saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Mchana kuna wateja, kuna jiko, kuna watoto, kuna simu inalia. Hakuna dakika ambayo mimi nakaa na mambo yangu. Kwa hiyo mambo yangu yalikuwa yananingoja mahali pekee ambapo nina nafasi na kimya, na mahali hapo ni kitandani.

Dawa ya kwanza ikawa kuyapa saa yao. Saa moja jioni, kabla ya kusonga bugali, nakaa mezani na daftari la shule la bei ya chini kabisa. Mezani, sio kitandani. Hilo yaya alilisisitiza hadi akanichosha. Naandika kila kinachozunguka kichwani, na pembeni yake kitendo kimoja kidogo cha kesho. Siandiki "likelemba". Naandika "kesho saa tatu kumpigia yule mama wa Nyawera, nimuulize kama atalipa nusu". Tofauti inaonekana ndogo, ila ndiyo yote. Neno "likelemba" peke yake ni wingu, halina mwisho. Simu ya saa tatu ni kazi, ina mlango wa kuingilia na wa kutokea.

Baadaye niligundua kwamba watu wa sayansi wamelipima jambo hili. Mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walilaza vijana 57 katika maabara ya usingizi. Nusu waliandika kwa dakika tano kazi zinazowangoja siku zijazo, nusu wakaandika kazi walizokwisha kumaliza. Wale wa kazi zinazongoja walisinzia mapema zaidi, kwa wastani wa dakika tisa hivi. Na walioandika kwa undani waliwashinda walioandika juu juu. Dakika tisa unaweza kuzicheka. Mimi sizicheki, kwa sababu nazifahamu dakika tisa za gizani, ni ndefu kuliko misa.

Lakini daftari halizibi kila tundu. Kuna usiku unaandika yote na bado jambo moja linarudi. Hapo kosa la wengi, na langu, ni kulifukuza. Nilikuwa najiambia: usiwaze hiyo deni, usiwaze hiyo deni. Mwaka 1987 Daniel Wegner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwaambia watu wasimuwaze dubu mweupe, na wapige kengele kila mara akiwajia. Kengele zililia tu. Sisi hapa hatuna dubu, lakini jaribu kukaa dakika moja bila kumuwaza gorila wa mbuga yetu ya Kahuzi-Biega, yule dume mwenye mgongo wa fedha, ameketi anatafuna mwanzi. Umeona? Ameshafika.

Wazo halifukuzwi, linapewa jirani. Kuna mtafiti wa Kanada, Luc Beaudoin, aliyebuni mchezo wa kumpa mtu vitu visivyohusiana avione kimoja kimoja kichwani, ili akili ishindwe kutunga hadithi. Kwa lugha zao wanachukua neno na kufuata herufi moja moja. Mimi nimeugeuza, kwa sababu Kiswahili chetu kinatembea kwa silabi, na mtoto yeyote aliyesoma ba-be-bi-bo-bu anaweza kuucheza. Chagua neno la nyumbani: kabati. Anza na ka. Kalamu: ione, kalamu ya buluu, kifuniko kimetafunwa. Kamba. Karanga kwenye karatasi iliyosokotwa. Kanga. Zikiisha, hamia ba. Bata, bakuli, bahasha. Kila kitu kitazame kidogo, halafu kiache, usikiunganishe na cha pili. Bata asiingie kwenye bakuli, maana ukishaanza hadithi umeamka.

Onyo kutoka kwangu: usichague neno lenye silabi ya u. Nilichagua "ufagio" usiku mmoja na u ikaniletea ushuru, ugonjwa, ukimbizi, uchaguzi. Maneno ya u katika lugha yetu mengi hayana sura, yana uzito tu. Kaa na vitu vinavyoshikika.

Na kama hata mchezo haushiki? Unaamka. Hili ndilo gumu kuliko yote, hasa kwetu ambako usiku una ubaridi na sakafu ni saruji. Lakini ni ushauri wa zamani na umejaribiwa: Richard Bootzin aliuandika tangu 1972. Kitanda kiwe cha kulala tu. Ukiona umelala macho muda unaofanana na robo saa, ondoka, fanya kitu cha kuchosha kwenye mwanga hafifu, urudi usingizi ukikuita. Ukibaki pale unageuka kama samaki kwenye kikaango, mwili unajifunza kwamba kitanda ni mahali pa kuhangaika, na kesho yake utaanza kuhangaika mara tu ukikiona. Saa usiitazame hata kidogo. Simu yangu inalala kwenye kabati la sahani, imefunikwa, kwa sababu nilikuwa naifungua "kuangalia saa" najikuta nasikiliza sauti za kundi la likelemba hadi jogoo.

Utaniuliza, na sisi wa chumba kimoja na watoto watano? Ndiyo, mimi pia si wa nyumba ya ghorofa. Sina pa kwenda ila kigoda karibu na mlango. Hapo ndipo kopo linapoingia.

Ni kopo la maziwa ya unga, limejaa vifungo vilivyobaki miaka yote: vya mashati ya shule, vya koti la mtu aliyehama hajarudi, vya mifupa, vya plastiki. Nakaa kwenye kigoda gizani, na hapo umeme kukatika ni baraka, kopo katikati ya magoti, natenga kwa vidole. Vyenye matundu mawili kulia, vyenye manne kushoto. Huoni kitu. Kidole gumba kinatafuta, kinahesabu, moja, mbili, tatu, nne, kinaachia. Kile chenye kishikio nyuma, cha kikoti cha mwanamke, kinakwenda peke yake kwenye kanga. Sauti yake ni ndogo, watoto hawaamki. Kwa mbali, kama hakuna ukungu, naona taa za wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na upepo ukiwa mzuri kuna usiku nasikia wanaimba. Wao wanafanya kazi, mimi nachezea vifungo. Baada ya muda, sijui ni muda gani, kichwa kinaanguka mbele, na hiyo ndiyo alama ya kurudi kitandani. Asubuhi navimwaga vyote koponi tena, nivichanganye, viwe tayari.

Wewe huna vifungo, una maharage ya kuchambua, una soksi za kutafutia wenzake. Isiwe kazi yenye faida sana. Nilijaribu kufumua mishono ya mteja na nikaanza kufikiria bei.

Mambo madogo nayapitia haraka. Kahawa: yetu ya Kivu ni tamu na mimi siachi, ila kikombe cha mwisho ni saa sita mchana. Kafeini inachukua kama masaa matano kupungua nusu tu, basi kikombe cha saa kumi na moja jioni bado kina nusu yake ndani yako saa nne ukipanda kitandani. Kuamka: saa ileile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya, hata Jumapili. Nililia juu ya hili, lakini uchovu wa mchana ndio unaonunua usingizi wa usiku. Ukilala asubuhi kufidia, umeutumia. Na mbabula, jiko la makaa, usiiingize chumbani kwa ajili ya joto. Moshi wa makaa usioonekana unaua, na anayelala nao haamki kulalamika.

Sasa niseme juu ya hofu, kwa sababu ningeonekana mwongo nikizungumza kama vile sisi wa Bukavu tunawaza vifungo tu. Nyumba yetu iko kwenye mteremko. Mvua kubwa ikianza kupiga mabati usiku, Machi au Aprili, hakuna mchezo wa silabi unaonilaza, na sitaki unilaze. Udongo wa hapa unashuka na nyumba za watu, tunajua. Hofu hiyo ina kazi, kwa hiyo naipa kazi yake mchana: mfereji umezibuliwa, mifuko ya mchanga iko mahali pake, watoto wanajua mlango upi. Nikishafanya hivyo, mvua ya kawaida ni mvua. Ile kubwa naamka, nakaa, nasikiliza, na siiiti hiyo kukosa usingizi. Naiita ulinzi.

Kuna pia yale ya tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji. Kila nyumba ina lake. Kama unaruka kitandani kwa mlango uliogongwa, kama ndoto ni ileile kila usiku, kama wiki zinapita na mchana umeanza kuwa mweusi, daftari langu halitoshi na nisingependa ulitegemee. Tafuta mtu aliyesomea. Hapa mjini kuna SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili ya Mabruda wa Upendo. Najua, ukitaja jina hilo mtaani watu wanacheka na kuzungusha kidole kando ya kichwa. Yaya aliniambia wanaokwenda pale kwa sababu ya usingizi tu wako, wanatembea na miguu yao, wanarudi kupika. Na matibabu yanayoshauriwa kwanza kwa kukosa usingizi kwa muda mrefu ni mazungumzo na mazoezi ya aina hii ninayoeleza. Vidonge vinakuja nyuma, kwa mkono wa daktari.

Gauni? Nilinunua satini nyingine kwa feza yangu, nikapanda mlima na motari, yule wa pikipiki, Alhamisi nikatafuta rangi ileile maduka manne. Ijumaa jioni mama alivaa, akainua mikono, akazunguka. Hakujua kitu. Mikono miwili ya kushoto ninayo bado, nimeishona ikawa mifuko, mmoja ndio wa kutunzia daftari.

Usingizi haukurudi siku moja. Ulichukua kama mwezi, na wiki ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Hata sasa kuna usiku naamka. Juzi niliamka, sijui saa ngapi maana simu iko kabatini, nikaanza na kabati hilohilo. Kalamu, kamba, karanga, kanga. Nikahamia ba. Bata, bakuli, bahasha. Cha nne sikikumbuki.