Huku wanaupima ukweli kwa macho

Wadogo zangu wa Bukavu,

Acheni kusambaza kwamba Wabelgiji ni watu wa kweli kwa sababu husema jambo usoni, eti sisi wa Kivu ni waongo kwa kuwa tunazunguka. Nimesikiliza sauti zenu za WhatsApp, zimeniudhi. Baridi na kodi ya nyumba mnavijua. Mimi nasema habari ya makaratasi ya kukaa huku Ubelgiji.

Siku ya mahojiano ya kuomba hifadhi ya ukimbizi unaketi mbele ya afisa, mama wa umri wa mama yako. Mtoto aliyelelewa kwetu anainamisha macho, anaanzia kwa familia, pole pole anafika kwenye jambo lenyewe. Unaulizwa tarehe, unajibu: "Ilikuwa kisha tetemeko." Kadutu nzima, pale Bukavu, inajua hiyo ni Februari 2008. Yeye anaandika kwamba huna uhakika. Mkalimani anatafsiri maneno, heshima inabaki mlangoni. Barua yangu ya kukataliwa ilisema nilikwepa maswali. Nilikuwa namheshimu yule mama!

Uchungu wangu ni huu. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Charles Bond na Bella DePaulo, walijumlisha tafiti nyingi wakakuta kwamba watu wakipima kama msemaji anadanganya, hupatia mara 54 hivi katika 100. Ni karibu sawa na kubahatisha. Na maisha ya mtu yanaamuliwa hapo.

Basi anayekuja ajizoeze. Tanguliza tarehe, taja mahali, sababu zifuate. Mtazame anayekuuliza. Kama ni hapana, sema hapana. Lakini ukimpigia mama mkubwa simu ukaingia kwenye shida yako kabla ya kumuuliza ameamkaje, nitakukemea mimi mwenyewe. Msibadilike. Au badilikeni, ila ndani ya chumba kile tu.

Wala msiwahukumu hawa kama walivyotuhukumu. Nafua mashuka kwenye nyumba ya wazee. Mkubwa wangu aliniambia mbele ya wenzangu kwamba nimekunja vibaya, nikashinda na donge kooni. Mchana akaniletea kahawa, akauliza hali ya watoto. Kwake maneno yalikuwa yamekwisha asubuhi. Kwetu wazee wangeitwa waketi.

Yule mwenye mahojiano mwezi ujao anipigie jioni nikitoka kazini. Nitamuuliza maswali yao yote, na anijibu akinitazama kwenye kamera, hata akiona haya mbele yangu mimi yaya wake, ndugu yake mkubwa.