Ukuta wa kapsuli huamuliwa kabla amini haijamiminwa

Anayeanza kutengeneza kapsuli ndogo za polima, yaani vifuko vidogo mno vyenye kimiminika ndani, zikimtokea dhaifu, hukimbilia kubadilisha kemikali. Anataka isosayaneti nyingine, amini nyingine (ndizo kemikali mbili zinazoungana kuwa ukuta), ikibidi iagizwe nje. Ninyi mliojiunga mwaka huu, nawaomba mtulie kwanza. Mara nyingi tatizo liko kwenye matone, na matone yalishatengenezwa kabla mmenyuko haujaanza.

Nazungumzia poliyurea, polima inayotokea isosayaneti ikiungana na amini, maana ndiyo ninayoona inafaa kujifunzia. Mafuta yenye isosayaneti hukorogwa ndani ya maji mpaka yawe matone, kisha amini hutiwa majini. Vinakutana mpakani na utando unajitokeza papo hapo. Ni kanuni ileile ambayo Paul Morgan na Stephanie Kwolek wa DuPont waliionyesha mwaka 1959, walipovuta uzi wa nailoni kutoka kwenye bika lenye vimiminika viwili visivyochanganyika. Anayesafiri hapa ni amini: inaingia kidogo kwenye mafuta, kwa hiyo ukuta hukua kuelekea ndani, na kadiri unavyonenepa ndivyo unavyoizuia amini inayofuata. Kwa hiyo chagueni kiyeyusho cha ndani kwa makini. Kinachoikaribisha amini sana kwa kawaida hutoa ukuta mnene wenye vinyweleo, unaovuja.

Sasa hesabu, ambayo wengi huiruka. Unene wa ukuta ni takriban nusu kipenyo cha tone, mara uwiano wa ujazo wa polima kwa ujazo wa kiini (mafuta yaliyo ndani), gawanya kwa 3. Tone la kipenyo cha mikromita 30 lenye polima asilimia 10 litapata ukuta wa nusu mikromita tu. Tone la mikromita 60 litapata mikromita 1. Uwiano wa unene kwa ukubwa haubadiliki, lakini ukizibana kati ya vioo viwili, kubwa ndizo zinazobeba mzigo kwanza na kupasuka, huku ndogo zikibaki nzima. Kwa hiyo matone yasiyolingana hukupa kapsuli ambazo huwezi kusema zinavunjika kwa nguvu gani. Kabla ya kutia amini, chukua tone la mchanganyiko, liweke chini ya hadubini. Ukiona makubwa na madogo yamechanganyika, endelea kukoroga au ongeza polivinili alkoholi, inayozuia matone yasiungane tena. Gundi ya mgunga nayo inafaa. Usione uvivu hapo. Ukuta ukishaanza hakuna kurudi nyuma.

Matone yakikubalika, punguza kasi ya kukoroga. Mashine kali inayofaa kukata matone itachana utando mchanga. Amini iyeyushe kwenye maji, iingize tone kwa tone. Ukiimwaga yote kwa mkupuo unapata mabonge, na hayo hayatenganishiki tena.

Kwa MDI ya polima (aina ya isosayaneti) na dayethilini-trayamini (aina ya amini), gramu 1 ya isosayaneti inahitaji takriban robo gramu ya amini. Mimi huzidisha amini kidogo. Trayamini ina sehemu tatu za kushikia, hivyo huunganisha minyororo kwa pande nyingi na kuupa ukuta ugumu kuliko ethilini-dayamini yenye mbili. Kisha pasha moto hadi nyuzi 60 kwa saa chache. Kwenye spektra ya infraredi, kilele cha isosayaneti karibu na 2270 cm⁻¹ kikiwa bado kipo, kazi haijaisha.

Lakini ulizeni pia: imara kwa ajili ya nini? Kapsuli za karatasi ya nakala isiyo na kaboni lazima zipasuke chini ya kalamu, na wakati huohuo zisipasuke karatasi zikipangwa juu ya nyingine. Watengenezaji huchanganya chembe za wanga kubwa kuliko kapsuli ili zibebe uzito. Actellic 300CS, dawa ya wadudu iliyomo ndani ya kapsuli, ambayo imetumika kupulizwa kwenye kuta za nyumba dhidi ya mbu wa malaria, Tanzania ikiwemo, inatakiwa kuachia dawa yake polepole kwa miezi. Ukuta usiopitisha kitu kabisa ungekuwa hasara huko.

Kapsuli zikikauka na kunywea kama zabibu kavu, ukuta ni mwembamba au kiini kimetoroka. Zipime uzito kila siku kwenye karatasi ya chujio, ndipo useme kama zinavuja.

Kuhusu isosayaneti sina utani. Fanyeni kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa, na glavu mkononi. Mtu ambaye mwili wake umeshaikataa anaweza kubanwa na pumu hata kwa kiasi kidogo mno. Hapa pwani unyevu ni mwingi, na isosayaneti ikikutana na maji hutoa gesi ya kabonidioksidi. Chupa iliyofunguliwa ifungwe upesi ikiwa kavu. Ile ya taka, iliyokwisha kuingia maji, iacheni ndani ya kabati na kifuniko kilichoregezwa, gesi ipate pa kutokea, mpaka iache kutoa mapovu.