Jibu: Darubini ya 8x42 au 10x42 kwa ndege wa Tarangire?

Umeuliza uchukue ipi kwa kutazama ndege katika Hifadhi ya Tarangire, na kwa nini machole, ndege wenye rangi za buluu, wanakuchanganya.

Chukua 8x42 (namba ya kwanza ni mara inazokuza, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita). Ndani ya gari, 10x hukuza hata mtikisiko wa mikono yako. Zima injini kwanza, kisha laza darubini juu ya mfuko mdogo wa mchele dirishani. Picha itatulia kabisa. Ingia getini saa 12 asubuhi. Ikifika saa 4 hewa ya moto inacheza juu ya nyasi, na hakuna lenzi inayoweza kuisafisha.

Sasa machole, na hapa wengi hukosea. Chole mkaazi ana kifua cha zambarau na manyoya mawili marefu ya pembeni mwa mkia. Chole wa Ulaya, ambaye huonekana zaidi Novemba hadi Aprili, ana kichwa na kifua cha buluu, mgongo wa kahawia, mkia usio na ncha ndefu. Usitegemee mkia peke yake: kinda la chole mkaazi bado halijaota ncha hizo. Tazama kifua.

Na tafadhali sana, usiwachezee ndege sauti zao zilizorekodiwa kwenye simu. Ndege huacha kulisha makinda akimtafuta mpinzani asiyekuwepo.