Simu kubwa nyembamba mfukoni: mbele sawa, nyuma hapana

Umeuliza kama simu kubwa na nyembamba inahimili kukaa mfukoni. Mfuko wa mbele wa suruali isiyobana, ndiyo. Mfuko wa nyuma, halafu unaikalia? Tafadhali usifanye hivyo.

Kumbuka iPhone 6 Plus ya 2014: kioo cha inchi 5.5, unene wa milimita 7.1. Watu walianza kulalamika kwamba inapinda mfukoni. Consumer Reports, shirika la Marekani linalopima bidhaa, waliibana kwa mashine, ikaanza kupinda kwenye kilo 41 hivi. Galaxy Note 3 ya Samsung, yenye kioo kikubwa kidogo zaidi lakini bodi ya plastiki, ilifika kama kilo 68. Kwa hiyo ukubwa peke yake si tatizo. Angalia fremu imetengenezwa kwa kitu gani, na imetobolewa wapi: ile ya Apple ilikuwa dhaifu karibu na vitufe vya sauti. Mwaka uliofuata, iPhone 6s ilikuja na alumini ngumu zaidi.

Kinachoniuma zaidi ni madhara yasiyoonekana. Simu ikipindapinda kidogo kila siku, lehemu za chipu zilizo ndani zinaweza kuanza kuachia. Baadhi ya 6 Plus ziliishia na mstari wa kijivu juu ya kioo na skrini isiyosikia kidole, na Apple wakaanza kuzitengeneza kwa dola 149 mwaka 2016.

Kava gumu linasaidia, ila ukiikalia simu bado inaweza kupinda. Itoe kabla hujaketi.