Hadithi ya korosho: filamu au tamthilia?

Mdogo wangu wa Mikindani, umeuliza kisa chako cha mkulima anayesubiri malipo ya korosho ukiandike filamu au tamthilia ya runinga, ile ya sehemu nyingi. Mimi nasema tamthilia, ila usikurupuke.

Filamu za zamani nyingi humpa mhusika haja moja, na tukio huzaa tukio hadi haja itimie au ishindikane. Tazama Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica (Italia, 1948). Baba kaibiwa baiskeli, bila hiyo hana kazi, anazunguka Roma na mwanawe kuitafuta. Basi! Dakika tisini hivi, huchoki.

Tamthilia huhama. The Wire, ya runinga ya Marekani (2002–2008), ina misimu mitano ya kuonyesha mji wa Baltimore: wa pili unaingia bandarini, wa nne shuleni. Tatizo linapita mkono hadi mkono, na humpati mkosaji mmoja wa kumshika shati. Korosho yako ndivyo ilivyo: chama cha msingi (ushirika wa wakulima), ghala, mnada, benki. Kila kituo kina mtu mwenye sababu zake. Hata karani wa mizani, ambaye wewe umemfanya mwizi tu (umemwonea), mpe nyumba, mke na deni la dukani.

Kabla ya kuandika, orodhesha maswali. Kila sehemu ijibu moja, ifungue jingine. Yakiishia matatu tu, hapo huna tamthilia. Mbakize mkulima na stakabadhi yake mkononi, uandike filamu. Tena ni nafuu, maana kukodi kamera msimu mzima hapa Mtwara si mchezo.