Kabla ya Kununua Dawa ya Mizizi, Angalia Tawi Lenyewe

Wanaokuja kuchukua miche kwangu huniuliza sana ni dawa gani nzuri ya kuotesha mizizi. Nami huwauliza: hilo tawi umelikata wapi? Dawa ina kazi yake, nitaifikia, lakini tawi likitoka mahali pasipofaa, hata ulizamishe kwenye kopo zima litakauka au litaoza.

Ipo miti isiyotaka ujanja. Mforosadi, mkomamanga, mtini, mzabibu, bogenvilia: kata kipande cha unene wa penseli chenye macho, yaani vifundo vya kuchipulia, matatu au manne, chomeka macho mawili ardhini, mwagilia, basi. Wakulima wa zabibu Dodoma hawatupi matawi ya kupogoa, maana ndiyo mbegu ya shamba jipya. Angalia tu usikigeuze kipande juu chini. Mimi hukata upande wa chini kwa mshazari na wa juu mkato wa kunyooka, ili hata vikichanganyika ndani ya ndoo nijue kichwa ni kipi.

Kazi iko kwenye miti migumu. Mwembe na mparachichi ni hiyo, na huko Ulaya kuna chestinati, mti wa kokwa zenye ganda la miiba ambazo watu huzichoma na kuuza barabarani wakati wa baridi. Mti ukishakomaa na kuanza kuzaa, seli za matawi yake hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kugeuka mizizi, na ndani ya gome hujengeka nyuzi ngumu. Ndiyo sababu wenye vitalu hubebesha embe na parachichi, yaani huunganisha kijiti cha mti mzuri juu ya mche mwingine, na ushauri wangu ni ufanye hivyohivyo. Kung'ang'ania kikonyo, yaani kipande cha tawi cha kuotesha mizizi, cha mwembe wa babu ni kupoteza mchanga na maji.

Wafaransa wana njia yao kwa chestinati chotara, zile zilizochanganywa za Ulaya na za Japani. Hukata mti mama karibu na ardhi, maotea yakichipua hulundikia udongo kwenye vitako vyake, na otea hutoa mizizi likiwa bado linanyonya kwa mama. Halafu ndipo hukatwa. Siri yake ni kwamba mti haukomai sawasawa mwili mzima: kisiki hubaki na ujana ambao matawi ya juu yameshaupoteza. Kwa hiyo ukiwa na mti mkaidi unaoupenda, usikate tawi leo. Kata shina au pogoa sana, subiri machipukizi mapya, uchukue hayo.

Kahawa inafundisha jambo jingine. Aina chotara za arabika zilizotolewa na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa yenye makao yake Lyamungu, Moshi, huzalishwa pia kwa vikonyo, kwa kuwa mbegu za chotara hazitoi watoto wanaofanana na mama. Hapo lazima uchukue otea linalosimama wima. Kikonyo cha tawi la pembeni, lile linalobeba matunda, huota mizizi vizuri tu, kisha mche ukaendelea kulala ubavu. Hautasimama kuwa mti. Ukiinamisha shina la mti mama, maotea wima hutoka kwa wingi.

Vikonyo vikate asubuhi, majani yakiwa bado na maji, na uvifunge kwenye gunia bichi mpaka ufike kivulini. Jani la kahawa ulipunguze nusu. Usiliondoe lote, maana ndilo jiko la hicho kikonyo. Chomeka kwenye mchanga safi usiotuamisha maji, ndani ya kisanduku kilichofunikwa nailoni, chini ya kivuli. Kinachotakiwa kuwa na unyevu mwingi ni hewa. Mchanga ukiwa tope, kitako kitaoza. Matone yakionekana ndani ya nailoni, acha ndoo ipumzike.

Sasa dawa. Unga wenye IBA, homoni ya kuotesha mizizi, kwa asilimia 0.3 unatosha vikonyo vilivyokomaa kiasi. Ule wa asilimia 0.8 ni wa vikonyo vya matawi magumu yaliyokomaa kabisa. Gusisha ncha tu, kung'uta, chomeka kwenye tundu ulilotoboa kwa kijiti ili unga usifutike. Ukizidisha, kitako hugeuka cheusi. Wapo wanaosifu asali. Mimi asali naitia kwenye chai.

Usishangilie majani mapya. Kikonyo kinaweza kuchipua kwa akiba yake mwenyewe bila hata uzi mmoja wa mzizi, kisha kikafa. Vuta taratibu: kikigoma kutoka, kimeshika. Kahawa huchukua kama miezi mitatu hadi minne. Ikishashika, fungua nailoni kidogo kidogo kwa siku kadhaa ndipo uhamishie kwenye viriba, na kivuli ukiache vilevile mpaka jozi mpya ya majani ikomae.